Macho yanawasha kila msimu? Anza kuyawekea rekodi kwa simu

Jakaranda zikichanua Nairobi, kuna wasee hupiga picha na kuna wale hulia tu. Kama uko kundi la pili, usikimbilie kulaumu hayo maua ya zambarau: chavua yake hubebwa na wadudu. Mara mingi mwenye makosa ni nyasi. Mvua ikipiga zinamea, zinachanua, halafu upepo unabeba chavua mpaka ndani ya mat.

Ndio ujue nini hasa inakusumbua, kila jioni kwa wiki 2 andika haya kwa simu:

- Dalili: kuwashwa, wekundu, machozi, kuvimba. Kila moja ipe alama 0 hadi 3. 0 ni hakuna, 3 ni imekushinda kabisa.
- Saa: ilianza ukitoka keja ama ukiwa kitandani? Ikikusumbua usiku mwaka mzima, shuku vumbi la nyumba.
- Mahali: ulikuwa uwanjani, kwa boda, ama karibu na mtu anafyeka nyasi?
- Dawa: uliweka gani, na ilisaidia?

Sasa cheki rada. Aleji huwasha, kawaida macho yote mawili, na machozi huwa kama maji. Usaha mzito unaogandisha kope asubuhi ni dalili ya maambukizi. Ukisikia maumivu makali, ukione ukungu ama mwanga ukuumize, usingoje wiki 2 ziishe. Ona daktari siku hiyo hiyo.

Noma kubwa iko kwa kemisti. Kuna dawa za macho zenye steroidi. Wekundu unaisha haraka, unadhani umepona. Ukizitumia kiholela, zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma ama mtoto wa jicho. Uono ukiibwa na glakoma haurudi. Kabla ulipe, uliza: "Hii iko na steroidi?"

Na wacha kusugua, hata kama ni tamu aje. Kusugua sana kwa miaka kunahusishwa na kioo cha mbele cha jicho kuwa chembamba na kuchongoka. Badala yake, weka kitambaa cha maji baridi, vaa miwani ukitoka, oga na ubadilishe nguo ukifika keja. Kama huvaa lenzi, zipumzishe macho yakiwasha.

Siku ya kliniki, enda na hiyo rekodi. Daktari akiuliza "ilianza lini?", utakuwa na jibu.