Kigavi cha Umeme, si Chanzo

Fundi akisema "pawa saplai", karakana nzima humwelewa: anataja ile sehemu ya chombo inayopokea umeme wa ukutani na kuuandaa kwa ajili ya saketi. Mwandishi anayelikwepa neno hilo hukimbilia "chanzo cha umeme", na hapo maana hupotoka. Chanzo ni mitambo ya kuzalisha umeme, kama ile ya Kidatu au Mtera. Kifaa hiki hakizalishi hata wati moja. Transfoma hubadili volti, dayodi hugeuza mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu, kapasita hulainisha mawimbi yaliyosalia, kisha kila sehemu ya saketi hupewa volti inayoistahili. Huko ni kuandaa na kugawa, ndiyo maana napendekeza "kigavi cha umeme".

Ushahidi bora uko kwenye amplifaya za awali za zamani, zile zinazopokea ishara dhaifu kabla ya amplifaya kubwa inayosukuma spika. Quad 22 ya Uingereza, iliyotoka 1959, haina kigavi chake. Volti zaidi ya 300 za vali zake, pamoja na volti 6.3 za kupasha moto nyuzi za vali hizo, huzipata kwa kebo kutoka amplifaya kubwa ya Quad II. Tukishikilia "chanzo", itabidi tuseme amplifaya moja ni chanzo cha umeme wa nyingine, kauli isiyomsaidia yeyote. Tena kigavi hakiishii kuwasha chombo. Sindano ya santuri yenye sumaku hutoa takriban milivolti 5 tu, na vali huitumia ishara hiyo kuongoza umeme wa kigavi. Muziki tunaousikia ni umeme huohuo uliopewa umbo jipya. Kapasita zikikauka kwa uzee, mawimbi hupenya. Penye umeme wa hezi 50, kigavi kinachonyoosha nusu zote mbili za wimbi huleta mvumo wa hezi 100, ilhali mvumo wa hezi 50 mara nyingi hutokana na waya za ardhi au transfoma iliyo jirani. Mwanafunzi akiambiwa "chanzo ni kibovu" ataanza kukagua soketi.

Wapo watakaosema kigavi kinanukia mgao wa umeme, na Mtanzania ana sababu ya kulichukia neno "mgao". Lakini afisa ugavi halaumiwi umeme unapokatika. Tumekwisha kuzitenganisha maana za ugavi na mgao. Pingamizi zito zaidi ni kwamba "pawa saplai" imeshazoeleka. Kweli, na sitaki kumpokonya fundi neno lake. Hata hivyo, halimwambii kitu asiyejua Kiingereza, ilhali anayejua ugavi atakisia kazi ya kigavi kabla hajafungua kifuniko.

Kwa hiyo, ukiuziwa Quad 22, uliza kwanza kama Quad II imo kwenye bei. Peke yake haiwaki.