Kifungo Dhaifu: Zebaki, Sayanidi na Dhahabu ya Ufuko wa Nyanza

Historia ya uchimbaji madini katika ufuko wa Kenya wa Ziwa Victoria, kuanzia vilima vya Samia upande wa kaskazini hadi Nyatike karibu na mpaka wa Tanzania, imezoeleka kusimuliwa kama historia ya ardhi, kodi na makampuni, na usimulizi huo una haki yake. Chini ya mambo hayo, hata hivyo, lipo swali la kikemia ambalo kwa kiasi kikubwa liliamua nani angechimba, kwa mtaji gani, na nani angeachiwa sumu baada ya migodi kufungwa: metali hushikwa na nini, na hushikwa kwa nguvu gani. Mbinu mbili zilizotawala utafutaji wa dhahabu katika eneo hili, yaani ile ya zebaki na ile ya sayanidi, hutofautiana hasa katika jibu la swali hilo, na tofauti hiyo ndiyo iliyowagawa wenye mitambo na wenye makarai.

Wanakemia huita ligandi kila atomi, ioni au molekuli inayojishikiza kwenye atomi ya metali kwa kuikopesha jozi ya elektroni. Nguvu ya kifungo kinachotokea hutofautiana mno: ziko ligandi ambazo haziondoki isipokuwa kwa moto au kwa asidi kali, na ziko nyingine ambazo hukaa pale kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenyewe, tayari kuinuka mara tu anapoingia mwenye haki zaidi. Katika nusu ya pili ya karne ya 20, mwanakemia Wolfgang Beck na wenzake katika mji wa München, Ujerumani, walijenga sehemu kubwa ya utafiti wao juu ya vifungo vya aina hii ya pili. Walitengeneza misombo ya molibdeni ambamo atomi ya metali hubeba pete ya kaboni tano na molekuli tatu za kaboni monoksidi, huku nafasi moja ikikaliwa na ligandi iliyoshikwa kwa ulegevu kiasi kwamba metali hiyo hutenda karibu kama kationi, yaani ioni yenye chaji chanya, iliyo wazi kupokea chochote kitakachokuja. Makala ya mapitio ambayo Beck na Karlheinz Sünkel walichapisha mwaka 1988 kuhusu ligandi za namna hiyo bado ni rejeo la wataalamu. Hakuna maabara ya Kisumu iliyowahi kujulikana kwa molibdeni, lakini kanuni ile ile, kwamba ulegevu wa kifungo ndio unaoifanya metali iweze kutumika, na vilevile iweze kudhuru, ilikuwa ikifanya kazi ufukoni Nyanza zamani, bila kuhitaji jina la kitaalamu.

Miamba yenyewe ni mikongwe sana. Wanajiolojia waliipa sehemu yake kubwa jina la Nyanzia, kutokana na jimbo ilimochunguzwa, na ndani yake mna tabaka za chuma na mishipa ya kwati yenye dhahabu. Chuma ndicho kilichotumika kwanza. Wahunzi wa Samia waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya miti katika tanuri za udongo, na majembe yao yalisafiri mbali kuzunguka ziwa, yakilipwa hata kama mahari. Katika tanuri hizo kaboni monoksidi iliyotokana na makaa ilikinyang'anya chuma oksijeni yake, ikaiacha metali peke yake. Ni gesi hiyo hiyo ambayo wanakemia wa München walikuja kuiunganisha na molibdeni kwa makusudi mengine kabisa. Reli ya Uganda ilipofika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kurudi, ilileta pia majembe ya kiwandani kutoka ng'ambo, na tanuri za Samia zikaanza kupoa.

Dhahabu ilikuja na msukosuko wa namna nyingine. Mwaka 1931, katika kipindi ambacho bei ya mahindi ilikuwa imeanguka na walowezi wengi walikuwa wamezama katika madeni, Mmarekani L. A. Johnson, aliyekuwa akiishi upande wa Eldoret, alipata dhahabu karibu na Kakamega, katika eneo la Mto Yala, ambao maji yake huishia ziwani kupitia kinamasi cha Yala huko Siaya. Mwaka huo huo ndege za shirika la Imperial Airways zilianza kutua Kisumu zikiwa njiani kati ya London na Mwanza, hivyo mji huo, ambao hadi hapo ulikuwa hasa wa reli na meli, ukawa mlango wa karibu zaidi wa kuingilia machimboni. Mamia ya Wazungu walimiminika, wengi wao wakiwa wakulima waliofilisika na wasiojua lolote kuhusu madini. Serikali ya kikoloni, ambayo mwaka 1930 ilikuwa imetunga sheria ya kuahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ingebaki mikononi mwao, na kwamba kipande chochote kitakachochukuliwa kingefidiwa kwa ardhi nyingine, ilirekebisha sheria hiyo Desemba 1932 ili fidia iweze kulipwa kwa fedha na wenyeji wasilazimike kushauriwa kwanza. Ahadi hiyo haikudumu miaka mitatu, na wakosoaji wa jambo hilo hawakuwa tu Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa na wakoloni, bali hata katika Bunge la Uingereza.

Mtafutaji wa mwanzo hakuhitaji mengi: karai la kupembulia mchanga, mfereji wa mbao, maji ya mto na chupa ya zebaki. Zebaki ni metali iliyo kimiminika katika joto la kawaida, na inapokutana na chembe safi ya dhahabu huishika na kuifunika, kisha chembe hizo hukusanyika kuwa donge zito la kijivu liitwalo malgamu, huku mchanga na kwati vikiachwa nyuma. Kwa maana kali ya kikemia zebaki hapa si ligandi, kwa sababu metali mbili hizo hushirikiana elektroni zao kwa namna ya metali zote. Lakini swali la nguvu ya mshiko linabaki lile lile, na jibu lake ndilo msingi wa kazi yote. Zebaki huishika dhahabu kwa kiasi cha kutosha kuitoa mchangani, ila si kwa kiasi cha kuing'ang'ania. Donge likiminywa kwa kitambaa, zebaki iliyozidi hutoka. Likiwekwa motoni, iliyobaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na kupaa kama mvuke, wakati dhahabu, isiyoyeyuka hadi ifike nyuzi 1064, hubaki chini. Kama kifungo hicho kingekuwa imara zaidi, kusingekuwa na faida yoyote. Na kwa kuwa ni dhaifu, mtu asiye na chochote ila jiko na kikaango aliweza kuwa mchimbaji. Mvuke huo, hata hivyo, hauna rangi wala harufu, na wa kwanza kuuvuta ni yule aliyesimama jikoni.

Sayanidi hufuata njia iliyo kinyume. Mbinu hiyo ilisajiliwa Glasgow mwaka 1887 na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili, Robert na William Forrest, na ndani ya miaka michache ikaokoa migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, ambako zebaki ilikuwa imeshindwa kushika dhahabu iliyofichwa ndani ya madini ya salfa. Ioni ya sayanidi, iliyo na kaboni moja na naitrojeni moja, ni ligandi halisi, na miongoni mwa ligandi zilizo imara kabisa: ioni mbili hujifunga kwenye atomi moja ya dhahabu, na kwa msaada wa oksijeni ya hewani huitoa kwenye jiwe na kuiingiza majini, hata kama dhahabu yenyewe ni punje zisizoonekana kwa jicho. Metali iliyoshikwa namna hiyo haitolewi kwa moto wa jikoni. Huhitaji kuchujwa, kisha kuwekewa unga wa zinki unaochukua nafasi ya dhahabu, na maji yote lazima yawe na chokaa, kwa kuwa yakigeuka kuwa asidi sayanidi hupaa kama gesi yenye kuua. Yote hayo yanadai matangi, mashine za kusaga, pampu na mkemia wa kupima.

Ndiyo maana umri wa karai ulikuwa mfupi. Mchanga wa juu ulipokwisha, mishipa ya chini ikabaki kwa makampuni, na mgodi wa Rosterman karibu na Kakamega ukawa maarufu kuliko yote hadi ulipofungwa mwaka 1952. Upande wa kusini, Macalder katika Nyatike ulichimbwa kwa ajili ya shaba, dhahabu na fedha, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ukapata mtaji wa Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza. Mawe yenye mchanganyiko kama huo ni mtihani kwa mkemia, kwa sababu shaba nayo huipenda sayanidi, na ikiwa nyingi huimaliza kabla haijaifikia dhahabu. Mwanajiolojia Robert Shackleton, ambaye taarifa yake kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori ilichapishwa mwaka 1946, aliielezea miamba hiyo kwa umakini ambao watafiti wa leo bado wanautegemea. Macalder ulifungwa mwaka 1966, na milima ya mchanga uliokwisha kusagwa ikaachwa ilipo.

Baada ya makampuni kuondoka, zebaki ilirudi. Wachimbaji wadogo wa Osiri, Mikei, Masara na Macalder kwenyewe, pamoja na wale wa Bondo na Rarieda huko Siaya, waliifufua kazi kwa nyundo na patasi, baadaye kwa karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, na wanawake wakachukua sehemu kubwa ya kuponda, kuosha na kuchanganya. Sheria ya Madini ya mwaka 1940 ilikuwa imetungwa kwa ajili ya wenye leseni na mitambo. Mchimbaji mdogo alifanya kazi chini ya kivuli chake kwa miongo mingi, hadi Sheria ya mwaka 2016 ilipomtambua na kumwekea kibali chake. Katika miaka hiyo yote jambo moja halikubadilika: kifungo dhaifu kilikuwa cha mnyonge, na kifungo imara cha mwenye mtaji.

Udhaifu huo huo wa kifungo unageuka tatizo zebaki inapofika majini, na kutoka Nyatike safari hiyo si ndefu, kwa kuwa Mto Kuja, unaopokea maji ya Mto Migori, humwaga ziwani karibu na Karungu. Katika matope yasiyo na oksijeni, bakteria huipachika zebaki kundi la methili, lenye kaboni moja na hidrojeni tatu. Kifungo kati ya kaboni na metali ndicho kinachoupa msombo sifa ya kuitwa wa ogano-metali, na zebaki-methili ni kationi, ioni yenye chaji chanya yenye nafasi moja ya kupokea ligandi. Katika maji nafasi hiyo hukaliwa na molekuli ya maji au ioni ya kloridi, na wakaaji hao wameshikwa kwa ulegevu. Ikikutana na salfa iliyomo katika sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, hujifunga nayo kwa uthabiti unaozidi ule wa kloridi mara bilioni nyingi. La kushangaza ni kwamba hata kifungo hicho imara hakiifungi mahali pamoja, kwa sababu zebaki-methili hubadilishana salfa moja kwa nyingine kwa wepesi mkubwa, hivyo huhama kutoka protini hadi protini, na ikiwa imeshikamana na sisteini hufanana kiasi cha kutosha na asidi amino nyingine, methionini, hata kupitishwa katika kizuizi kinachoulinda ubongo. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, walioumia walikuwa walaji wa samaki.

Walaji wa samaki ndio watu wa Kisumu, na hofu ya kulinganisha miji hiyo miwili inaeleweka, ingawa ushahidi unadai utulivu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na Linda Campbell na wenzake kuhusu Ghuba ya Winam, ambayo wakoloni waliiita Kavirondo, pamoja na Ghuba ya Napoleon upande wa Uganda, ulionyesha kwamba zebaki hupanda kutoka ngazi moja ya walaji hadi nyingine kama inavyotarajiwa, lakini samaki wengi walikuwa chini ya viwango vya kimataifa, na mashaka yaliwahusu hasa mbuta wakubwa. Mzigo mzito zaidi, kwa sasa, uko machimboni. Mwaka 2002 J. S. Ogola, Winnie Mitullah na M. A. Omulo waliripoti uchafuzi wa zebaki, risasi na aseniki katika ukanda wa Migori, wakihusisha pia afya ya wachimbaji wenyewe.

Mkataba wa Minamata, ambao Kenya iliutia saini mwaka 2013 na ambao ulianza kutumika Agosti 2017, unataja mambo manne ambayo nchi zenye wachimbaji wadogo zinapaswa kuyakomesha, nayo ni kumwagia zebaki mawe yote bila kuyapembua, kuchoma malgamu hadharani, kuichoma katika makazi ya watu, na kutia sayanidi kwenye mchanga wenye zebaki ambayo haijaondolewa. La nne husemwa mara chache kuliko yote, na pengine ndilo linaloihusu zaidi Nyatike ya leo, ambako mchanga uliokwisha kupitia zebaki hununuliwa na wenye matangi ili utiwe sayanidi kwa ajili ya dhahabu iliyobaki. Sayanidi haichagui dhahabu peke yake. Hujifunga pia kwenye zebaki na kuifanya iyeyuke majini, na metali iliyokuwa imelala katika mchanga kwa miaka hupata njia ya kwenda kokote ambako maji yanakwenda.