Mto Pangani na Mahali Pake pa Kale

Ndugu wanachama, katika mikutano ya kutayarisha maadhimisho haya ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wajumbe wengine waliuliza, wala hawakuuliza kwa ubaya: mkulima ana haja gani na magofu, hata fedha ya chama itumike kuwachukua watu kwenda kuyatazama? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa fedha ni ya wanachama. Twalijibu hapa kwa kuyaeleza mahali penyewe, ili kila mtu apime mwenyewe.

Mto wetu hupata maji yake katika Kilimanjaro na Meru, ukapita bwawa la Nyumba ya Mungu, ukaendesha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, kisha ukaingia baharini penye mji wa Pangani. Huko juu kwenye chemchemi zake ndiko wakulima wa kahawa walikoanzisha umoja wao mwaka 1925, nao ukageuka kuwa KNCU mwaka 1933. Kwa hiyo ushirika na mto huu ni wenyeji wa siku nyingi. Jambo moja lisisahauliwe: maji yapunguapo huko juu, bahari hupanda mtoni huku chini, na shamba lililo ukingoni hupata chumvi.

Mgeni afikapo mjini huonyeshwa kwanza Boma la kale, lenye milango ya nakshi, lililopata kutumiwa kuwa ofisi ya wilaya. Yasemekana kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake ili jengo lipate nguvu. Hatuwezi kuithibitisha habari hiyo, wala si lazima iwe kweli ndipo tujue kwamba watumwa waliteseka hapa. Pwani yote yashuhudia. Zipo pia nyumba za wafanya biashara wa Kihindi, nyingine zingali imara, nyingine zimeota miti ukutani. Burton na Speke walipita mjini humu mwaka 1857 wakienda Vuga kumwamkia Kimweri, mfalme wa Usambaa. Vitabu vya wageni huwataja sana, nasi twaona inatosha kuwataja mara moja.

Habari iliyo kubwa ni ya mwaka 1888. Mwezi wa Agosti, Emil von Zelewski, mtu wa Kampuni ya Kijerumani, alitaka bendera ya kampuni yake ipepee Pangani, na watu wakakataa. Vita vilivyofuata vimeitwa vya Bushiri, kwa jina la Abushiri bin Salim. Hermann Wissmann akaja na askari wengi wa kukodiwa, Wasudani na watu wa Msumbiji, akautwaa mji mwezi wa Julai 1889. Na tarehe 15 Desemba mwaka ule Abushiri akanyongwa papa hapa Pangani. Lakini jina la mtu mmoja limewafunika wengi: wenyeji wa mji, wapagazi wa bara, Wazigua wa vijijini. Hao ndio waliojaa katika njia za mji siku zile, nao hawakuandikiwa majina.

Tena Abushiri mwenyewe alikuwa mwenye shamba la miwa. Katika miaka ile kingo za mto zilikuwa miwa na vinu, na sukari na asali ya miwa zikapelekwa Unguja. Wenye mashamba walinunua watumwa na vinu kwa fedha za kukopa kwa matajiri wa pwani na Unguja, na deni likashika mavuno kabla hayajavunwa. Waweka hesabu wa vyama vya msingi wataitambua habari hii bila kufafanuliwa zaidi.

Kaskazini, njia ya Tanga, iko Tongoni, penye gofu la msikiti na makaburi ya nguzo ya karne nyingi. Karibu na hapo jahazi moja la Vasco da Gama lilipanda mwamba mwaka 1498, na mwaka uliofuata likachomwa moto huko huko, kwa kuwa mabaharia wa kuliendesha walikuwa hawatoshi tena. Mahali hapa hapahitaji sifa zetu, aendaye ataona.

Twaomba sana wanachama wasirudi bila kuvuka mto kwenda Bweni na kufika Kikogwe. Wengi hupaacha kwa sababu hapana jengo la kustaajabisha. Mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, watumwa wa mashamba ya miwa ya upande huu hawakungoja mkataba: waliasi, wakatoroka, wakajenga makao yao Makorora, wakajilimia wenyewe. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1893, Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Ilikuwa kama 1,000 ilipoondoka. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe. Kutoka miche hiyo ulienea mkonge uliofikia zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka nchini mwetu mnamo 1964, kabla bei haijaanguka na kabla mashamba mengi hayajataifishwa mwaka 1967. Ardhi ile ile iliyokimbiwa na watumwa ikawa chanzo cha zao lililoita watu kutoka mbali.

Watu hao ni manamba. Walitoka Ubena, Buha, Msumbiji na kwingineko. Tangu mwaka 1944 wengi waliletwa na SILABU, kila mmoja na namba yake na kipande chake cha siku thelathini. Wengine walirudi kwao, wengine wakabaki, na watoto na wajukuu wao ni wanachama wa vyama vyetu leo. Hawana Boma wala kaburi la nguzo. Kilichobaki ni vipande vyenyewe, navyo vimo masandukuni vikiliwa na mchwa. Basi kila mwanachama mwenye kipande cha baba au babu yake na akilete kwa katibu wa chama chake cha msingi. Kitanakiliwa, na chenyewe kitarudishwa kwa mwenyewe kabla ya siku ya safari ya Kikogwe.