Ardhi ya Kurudi Nyuma

Mwaka 2007 Ofisi ya Makamu wa Rais ilitoa programu ya kwanza ya taifa la Tanzania ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Mradi wa kwanza katika orodha yake ya vipaumbele ulihusu mazao yanayostahimili ukame, wa pili maji kwa jamii za kanda ya kati, na wa tatu kuhamisha visima vifupi vya mwambao, Bara na Zanzibar, vilivyoharibiwa na maji ya bahari. Bagamoyo ilitajwa kuwa mahali ambapo watu walikuwa wameshaanza kuviacha visima kwa sababu ya chumvi. Mradi huo wa tatu haumpi taabu ya kuuelewa mtu aliyekulia pwani: maji yakiharibika hapa, watu huenda kuchimba kule. Lakini huko kwingine kunahitaji ardhi, na ardhi yenyewe iwe imeinuka kidogo, iwe wazi, na mwenye shida ya maji awe na haki ya kuichimba. Historia ya mwambao huu, kutoka Kunduchi hadi Saadani, inaonyesha kwamba kuhama ndiyo njia ambayo miji, watu na hata mikoko wameitumia kila pwani ilipobadilika. Inaonyesha pia kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja njia hiyo imekuwa ikizibwa, mara nyingi na dola ileile ambayo leo inaandika mipango ya kuhimili.

Ushahidi wa kwanza uko Kaole, kilomita chache kusini mwa Bagamoyo. Msikiti wake wa zamani unakadiriwa kuwa wa karne ya 13, na yeyote anayesimama penye magofu yale na kutazama upande wa mashariki anaona mikoko kabla ya kuona bahari. Mji uliojengwa kwa ajili ya vyombo vya baharini umetengwa na maji kwa ukanda wa tope na miti. Richard Burton na John Speke walipotoka Zanzibar mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika, walishukia Kaole. Henry Morton Stanley alipokuja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, msafara wake uliondokea Bagamoyo. Wanahistoria wanaweza kubishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na kujaa tope na kiasi gani na siasa za biashara chini ya masultani wa Zanzibar, na ubishi huo ni wa haki, kwa sababu bandari haifi kwa sababu moja. Linalotosha hapa ni kwamba shughuli zilihama, na wakazi walipata pa kwenda bila kuvuka mpaka wa mtu. Bagamoyo nayo ilikuja kupatwa na ya Kaole. Maji yake ya kina kifupi yaliwafaa wenye majahazi, ambayo hungoja maji kupwa na kujaa, lakini hayakuzifaa meli kubwa, na mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu ya koloni lao Dar es Salaam. Dola ilipoona pwani haiifai, ilihama. Wavuvi wa Bagamoyo hawakupewa Dar es Salaam nyingine.

Mikoko nayo huhama. Mlilana, au mpira kama wengine wanavyouita, husimama mbele kabisa unakopigwa na mawimbi. Mkoko na msinzi hufuata nyuma yake penye tope. Mkandaa na mchu huvumilia hadi kwenye ardhi inayofikiwa na maji ya bamvua peke yake. Bahari ikipanda, safu hizo hujipanga upya kuelekea nchi kavu, ilimradi huko nyuma pawepo tambarare la kupokea mbegu. Kwa karne nyingi watu wa pwani waliishi na msitu huu kama ghala lao: boriti na pau za kuezekea, kuni za tanuri za chokaa, mbao za vyombo, na shehena za boriti zilizohesabiwa kwa korija na kupelekwa Arabuni na Ghuba kwa upepo wa kusi. Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani uliitangaza mikoko ya delta ya Rufiji kuwa hifadhi, Waingereza wakaendeleza utaratibu huo kwenye mwambao, na Tanzania huru ikaurithi. Hadi leo mikoko ya Bara ni hifadhi ya misitu ya taifa. Mwaka 1991 Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara, kazi kubwa kabla ya neno tabianchi kuingia kwenye hotuba za serikali. Mpango ule uligawa misitu katika kanda, nyingine za kulindwa kabisa, nyingine za kutumiwa kwa uangalifu. Lakini hapakuwa na mpango wa kulinda ardhi iliyo nyuma ya mikoko, na ardhi hiyo ndiyo iliyoliwa. Majaruba ya chumvi ya Bagamoyo yamekaa mahali hasa ambapo mchu ungehitaji kusogea.

Kunduchi inatufundisha jambo hilohilo kwa hasara zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 ufukwe wa kaskazini mwa Dar es Salaam ulianza kumomonyoka kwa kasi, na mwishoni mwa muongo huo serikali ikaunda kamati ya kufuatilia mmomonyoko wa fukwe. Hoteli ya Africana, iliyokuwa fahari ya utalii wa wakati ule, iliachwa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Mchanga unaolisha fukwe hizo huletwa na vijito, na vijito hivyo vilikuwa vinachimbwa mchanga wa kujengea jiji lililokuwa linapanuka. Matumbawe yanayovunja nguvu za mawimbi yalichimbwa na kuchomwa chokaa. Wenye hoteli wakajenga kuta za mawe zinazoingia baharini ili kunasa mchanga, na mchanga ulionaswa mbele ya hoteli moja ulikosekana mbele ya nyumba ya jirani. Ile ilikuwa kuhimili, hata kama hakuna aliyeiita hivyo: kila mwenye fedha alilinda kiwanja chake, na hasara ikasukumwa kwa asiye na mawe.

Programu ya 2007 ilizaliwa kwenye utaratibu uliotoka mbali. Mwaka 2001, mkutano wa Marrakesh wa nchi wanachama wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi uliamua kwamba nchi zenye maendeleo duni zaidi zisaidiwe kuandaa orodha za hatua za haraka, na ukaanzishwa mfuko maalumu wa kuzigharamia kwa michango ya hiari ya nchi tajiri. Kenya, kwa kuwa haimo katika kundi hilo, haikuandaa programu ya namna hii ingawa mwambao ni mmoja. Utaratibu ule ulikuwa na heri yake, kwani uliwalazimu wataalamu wa wizara kukaa pamoja na kuitaja hatari kwa jina. Ulikuwa pia na umbo lake: kilichoombwa ni miradi, yenye bajeti, muda na idadi ya vitu vitakavyojengwa. Kisima, tangi na ukuta vinaingia vizuri kwenye umbo hilo. Haki ya ardhi haiingii. Mwaka huohuo wa 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, chombo ambacho kingeweza kusema wapi visima vya Bagamoyo vihamie na wapi mikoko isogee. Ilikuwa mikononi mwa wizara nyingine, na mawazo hayo mawili yaliendelea kila moja kwa njia yake.

Fedha zilipopatikana, kazi ilifanyika, na si haki kuibeza. Kupitia Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, mradi mmoja wa takribani dola milioni 5 kutoka Mfuko wa Kuhimili na mwingine wa zaidi ya dola milioni 3 kutoka mfuko ule wa nchi zenye maendeleo duni zaidi ilileta kuta za bahari Dar es Salaam na Pangani, upandaji wa mikoko, na maji Bagamoyo. Katika shule ya Kingani, ambako maji ya kisima yalikuwa na chumvi, mabati yalifungwa mifereji na mvua ikaelekezwa kwenye matangi. Mtoto aliyekunywa maji yale amefaidika kweli. Lakini tuangalie chumvi inavyoingia kisimani. Chini ya mchanga wa pwani maji baridi ya mvua hukaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi, na kwa kanuni inayojulikana kwa wanajiolojia, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba kama mita 40 chini ya usawa huo. Akija mtu akafunga pampu na kuvuta bila kupumzisha, maji ya juu yakashuka kidogo tu, chumvi hupanda mara nyingi zaidi. Kwa hiyo kisima cha mama wa Bagamoyo kinaweza kuharibiwa na bahari inayopanda, na kinaweza pia kuharibiwa na pampu ya hoteli ya jirani. Programu ya taifa ilitaja sababu ya kwanza. Ya pili inahitaji mtu wa kumwambia mwenye hoteli apunguze.

Hapa hujitokeza watu wa aina mbili wenye pingamizi. Wa kwanza watasema kwamba kama binadamu ndiye chanzo cha mengi, basi hadithi ya tabianchi imetiwa chumvi ili kuomba fedha. Wanaweza hata kuonyesha kwamba kipima-maji cha bandari ya Zanzibar, kilichoanza kuweka kumbukumbu miaka ya 1980, hakikuonyesha bahari kupanda katika miongo yake miwili ya mwanzo. Ni kweli, na mipango yetu ingepata heshima zaidi kama ingelisema hilo wazi. Lakini miongo miwili ni muda mfupi kwa bahari inayopanda na kushuka kwa mizunguko ya pepo na joto, na vipimo vya dunia nzima vinaonyesha wastani wa bahari kupanda kwa kama sentimita 20 kati ya 1901 na 2018, kwa kasi inayoongezeka. Wakulima wa mwani wa Mlingotini, wengi wao wanawake, wameshaona aina ya kotonii ikifa pale maji ya kina kifupi yanapopata joto, na baadhi yao wakajaribu kamba zinazoelea kwenye maji ya kina zaidi. Sababu za hapa nyumbani haziiondoi sababu ya dunia. Zinaiongezea nguvu, maana ufukwe ulionyimwa mchanga hauna cha kujikinga nacho.

Wa pili wana hoja nzito zaidi. Watasema kuhama kulifaa enzi za Kaole, watu walipokuwa wachache. Leo mwambao umejaa, na huwezi kuiambia Dar es Salaam irudi nyuma. Kwa barabara ya Ocean Road na hospitali zake nakubali: pale ukuta ulihitajika. Ila Bagamoyo na vijiji vya kaskazini mwake si Ocean Road. Huko ardhi ipo. Suala ni imeshikwa na nani. Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005 ilifika hadi ufukweni na kuacha mgogoro mrefu na wanakijiji wa Uvinje. Kusini mwa mji, maelfu ya hekta zilitengwa kwa eneo maalumu la kiuchumi, na mwaka 2013 ukasainiwa mkataba wa awali na kampuni ya China Merchants wa kujenga bandari kubwa Mbegani. Jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, na mwaka 2019 mradi ukasimamishwa. Serikali moja ilikuwa ikiomba fedha za kupanda mikoko na wakati huohuo ikipanga bandari kwenye mwambao wa mikoko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ni kifungu kizuri, lakini mita hizo zinahesabiwa kutoka bahari ilipo sasa. Bahari ikisogea, nyumba iliyojengwa kihalali mita 65 itakuwa ndani ya katazo, na mwenye hati ataomba ukuta.

Kuhama kwa mpango kunawezekana hata leo. Nchini Fiji, kijiji cha Vunidogoloa kilihamishwa mwaka 2014 kwenda juu ya kilima kama kilomita mbili kutoka baharini, na mwaka 2018 nchi hiyo ikatoa mwongozo wa taifa wa kuhamisha jamii. Kilichowezesha uhamisho ule, pamoja na fedha za serikali, ni kwamba kilima chenyewe kilikuwa ardhi ya wanakijiji walewale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji cha Tanzania nguvu inayokaribia hiyo, na Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kusimamia hifadhi ya serikali kwa ubia, ingawa kwa miaka mingi mikataba ya ubia imekwama kwenye swali la nani apate nini. Mkakati wa taifa wa sasa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi uliandikwa kwa kipindi cha 2021 hadi 2026. Utakaoufuata unaweza kuanza na ramani za Kaole, Mlingotini na Saadani zinazoonyesha tambarare ambalo mikoko italihitaji, mchanga ulioinuka ambao bado una maji baridi, na majina ya wenye hati juu ya maeneo hayo. Pale ambapo jaruba la chumvi au kiwanja cha hoteli kimekaa njiani, italazimu kulipa fidia na kulitwaa eneo kwa manufaa ya umma. Sheria ya Kutwaa Ardhi ya mwaka 1967 inayoruhusu jambo hilo bado inatumika.