Sheria Iliyompa Mjane Mume Ikamnyang'anya Shamba

Oktoba 1855 Baraza la Kutunga Sheria la India mjini Calcutta lilipokea ombi lenye saini 987, likitaka mjane wa Kihindu aruhusiwe kuolewa tena. Aliyekuwa nyuma ya ombi hilo ni Ishwar Chandra Vidyasagar, Brahmini na mkuu wa Chuo cha Sanskrit. Wapinzani, wakiongozwa na Radhakanta Deb, walijibu kwa saini zaidi ya 36,000. Kwa hesabu hiyo Vidyasagar alishindwa vibaya, lakini Julai 1856 Waingereza walipitisha Sheria Namba 15, na ndiyo anayokumbukwa kwayo. Hata hivyo, ukiisoma sheria yenyewe utaona kwamba kilichomfunga mjane hakikuwa aya za vitabu vitakatifu peke yake. Kilikuwa mali, na fundo hilo sheria ililikaza.

Kifungu cha kwanza kilisema ndoa ya mjane ni halali na watoto wake ni halali. Cha pili kilisema akiolewa, haki zake katika mali ya marehemu mumewe zinakoma kana kwamba na yeye amekufa siku hiyo. Huko Bengal, mjane wa mume asiyeacha mtoto wa kiume alikuwa na haki ya kutumia mali ya mumewe maisha yake yote. Kuolewa kukawa na bei, na bei ni shamba. Kwa watu wa tabaka nyingi za chini, ambao wajane wao walikuwa wakiolewa kwa mila tangu zamani, mambo yaligeuka kichekesho cha uchungu: mahakama kuu za Calcutta, Bombay na Madras ziliwabana hata wao kwa kifungu hicho cha pili. Ni ile ya Allahabad iliyokataa, ikishikilia kwamba sheria haikuwahusu watu ambao hawakuihitaji.

Atasema mtu kwamba bila Vidyasagar kutafuta ruhusa katika maandiko matakatifu ya Kihindu ya Parashara, hakuna Brahmini ambaye angethubutu. Ni kweli, na haki yake tumpe. Desemba 7, 1856 alisimamia ndoa ya kwanza chini ya sheria hiyo, akaendelea kugharimia nyingine mpaka akazama kwenye madeni. Lakini deni hilo ni ushahidi dhidi ya njia yake: ndoa inayosubiri mfuko wa mfadhili haiwezi kuwa desturi. Na huko majumbani binti aliyefiwa na mume kabla hata ya kuvunja ungo aliendelea kuvaa nguo nyeupe, kukosa samaki maisha yake yote, na siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi kufunga bila hata tone la maji.

Waliolielewa fundo hilo la mali vizuri zaidi ni waliompa mjane riziki. Pandita Ramabai, mwenyewe mjane, alifungua Sharada Sadan mjini Bombay mwaka 1889 ili wajane wasome. Dhondo Keshav Karve, mwalimu wa hisabati wa Pune aliyefiwa na mkewe, alimwoa mwanafunzi wa shule hiyo mwaka 1893, na watu wa kwao wakamtenga. Alianza kwa kupigania ndoa, kisha akaona wanaothubutu ni wachache mno. Mwaka 1896 akaanzisha makao ya wajane, na elimu ikawa ndiyo kazi yake. Kazi hiyo ilimleta hata pwani yetu: Desemba 1930 alifunga safari ya Afrika, akafika Mombasa na Zanzibar kuwaeleza Wahindi wa huku habari zake.

Haki kamili ya mali mjane wa Kihindu aliipata kwa Sheria ya Urithi ya 1956, miaka mia moja baada ya ile ya Vidyasagar. Sheria ya 1856, na kifungu chake cha pili, ilifutwa mwaka 1983.