Mzigo wa mgonjwa ni wa nani?

Bima ya afya ya lazima inapozungumzwa vijijini mwetu, swali ni moja: kwa nini mwenye afya njema amlipie mgonjwa asiyemjua? Tuitazame historia ya Nyanda za Juu Kusini.

Hospitali za misheni, kama Tosamaganga mkoani Iringa na Igogwe wilayani Rungwe, zilitegemea pia sadaka za watu wa mbali, wasiowajua waliotibiwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure kwa mgonjwa, lakini kodi ya wote ndiyo iliyolipa. Uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, sehemu ya mzigo ilirudi kwa mgonjwa, tena siku ileile ya kuugua. Asiye na akiba aliuza ng'ombe, au alikaa nyumbani na homa yake.

Ndipo zikaja njia mbili. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulimkata mwalimu wa Mbeya asilimia 3 ya mshahara, awe mzima au mgonjwa, na mwajiri akaongeza 3. Jirani yake mkulima aliwekewa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001. Huo ulikuwa wa hiari. Wengi wenye afya walingoja, waliougua wakawahi kujiunga, na mfuko ukabaki mwembamba. Hata uliporekebishwa mwaka 2018, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, hiari haikuwafikisha wote.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyofanya kujiunga kuwa lazima. Twaona ni haki wote washiriki, kwani mfuko wa wagonjwa peke yao haudumu. Lakini kushiriki si kulipa sawa. Mkulima wa mahindi wa Ismani hushika fedha msimu wa mavuno; kumdai wakati wa palizi ni kumwonea. Asiye na kitu abebwe na wenye nacho, na kadi yake ikute dawa zahanati.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulioitwa kuchukuliana mizigo, tusiuone mwepesi kwa kuwa leo haupo mabegani mwetu.