Ziwa Albert na Elimu ya Yaliyofunikwa

Mwaka 1925 E. J. Wayland, mkuu wa idara ya jiolojia ya Uganda, alitoa maandishi juu ya mafuta yaliyokuwa yakichuruzika kandokando ya Ziwa Albert. Dalili zilionekana juu ya ardhi. Umbo la miamba iliyo chini lilikuwa halijulikani.

Katika miaka ya 1933 na 1934 Edward Bullard alizunguka Afrika ya Mashariki na pendulamu zake, akapima nguvu ya ardhi ya kuvuta vitu. Penye miamba mizito nguvu hiyo huzidi; penye miamba myepesi hupungua. Juu ya Bonde la Ufa aliikuta imepungua. Katika maandishi yake ya mwaka 1936 alikubaliana na rai iliyokuwa imetolewa na Wayland: kwamba sakafu ya bonde imebanwa pande zote mbili na kushindiliwa chini. Hesabu zake zilikuwa sahihi, lakini tafsiri haikudumu. Wataalamu wa baadaye walithibitisha kwamba bonde limetokea kwa nchi kutanuka, na kwamba upungufu ule, katika Ziwa Albert, watokana hasa na mashapo mepesi yaliyolijaza.

Mwaka 1938 kisima kilichimbwa Waki, karibu na Butiaba, kupita mita 1,200, wala hayakupatikana mafuta ya kufaa biashara. Kazi ikalala miaka mingi.

Mwaka 1983 bonde lilipimwa kwa ndege iliyochukua chombo cha kupimia sumaku, aina iliyokuzwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa kuwinda nyambizi. Mwamba wa kale una chembe za chuma zenye sumaku. Mashapo yana chache mno. Mwamba ukiwa karibu, kipimo hupanda na kushuka kwa ghafula. Ukizama mbali, mawimbi yake hutulia na kupanuka. Kwa njia hiyo vilitambulikana vilindi vya mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa. Vipimo vya nchi kavu na vya mitetemo vikafuata, na mwaka 2006 visima vikathibitisha mafuta yaliyopo.

Basi ndege haikuyaona mafuta. Ilionyesha mahali pa kuyatafuta. Na habari ya Bullard yafundisha kwamba kipimo kilicho sawa chaweza kusomwa vibaya, na kwamba hesabu iliyohifadhiwa kwa uaminifu humfaa hata yule atakayekuja kuisoma kwa namna nyingine.